Rivolva Yenye Tumbo Lisilozunguka

Nchi yenyewe sitaitaja, maana bado nakaa humo na nguo zangu zimeanikwa nje. Ukiitambua, nyamaza. Usipoitambua, hongera, endelea kula.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne, na somo la Uraia nilipata alama nzuri, kwa hiyo nayajua vizuri mambo nisiyotakiwa kuyajua. Haya ninayosimulia yote ni ya kheri. Nchi yetu haina mabaya. Yaliyokuwapo yalipigwa marufuku.

Mtaani kwetu yupo kinyozi aitwaye Gwantwa Ndomba. Kibanda chake kina kioo kimoja chenye ufa na kiti kimoja kinachozunguka, kiti cha fahari, ukikikalia unageuzwa huku na huku kama balozi. Hapo ndipo kinapokutana Chama cha Wapenda Rivolva, mwenyekiti wake akiwa Ndomba mwenyewe. Usitishike. Silaha hatuna. Tungekuwa nazo tungepata wapi muda wa kuzipenda? Sisi kazi yetu kila Jumamosi ni kutamani. Wenzetu wanatamani gari au mke wa pili. Sisi tunatamani rivolva ambazo viwanda vya duniani vimekataa kuzitengeneza, sijui kwa roho mbaya gani.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuwa mwanachama: rivolva ni ile bastola yenye tumbo la duara, na ndani ya tumbo mna vyumba sita, kila chumba risasi moja. Ukifyatua, tumbo linazunguka, chumba kingine kinakuja mbele ya mtutu. Hayo tu. Wala usingedhani kitu kidogo namna hiyo kinaweza kuitikisa serikali.

"Mimi nataka ya vyumba vinane," Ndomba alisema Jumamosi moja, wembe mkononi, "halafu iwe nyepesi kama simu."

"Vinane vya nini? Una maadui wanane wewe?" akauliza Shaweji, fundi cherehani.

"Sina hata mmoja. Ndiyo maana nataka akiba."

Shaweji yeye alitaka isiyo na ule ulimi wa nyuma unaogonga risasi, kwa sababu unanasa kwenye mfuko wa koti. "Mtanichosha kwa viraka," akalalamika.

"Umeshatia kiraka cha nani, na hakuna mwenye bastola?"

"Najichokea mapema."

Tukacheka. Aliyekuwa hacheki ni Bi Mwatumu Lihinda.

Bi Mwatumu alikuwa mlinzi wa Benki ya Mavuno, tawi la mtaani kwetu, na ndiye mwanachama pekee aliyewahi kuishika rivolva ya kweli: ya kampuni, kuukuu, anapewa asubuhi na kuirudisha jioni. Shida yake moja. Anatumia mkono wa kushoto. Na rivolva zote, tumbo lake hufungukia kushoto, ili mtu wa mkono wa kulia alipokee kwa raha na kujaza risasi. Wa kushoto akijaribu, anakuwa kama mtu anayemvalisha mtoto soksi huku amebeba ndoo. Juu ya hayo, nchini kwetu mkono wa kushoto si adabu. Waziri wa Adabu alishaeleza redioni: mwizi ni mwizi, lakini naye ana haki ya kupigwa risasi kwa mkono wa heshima.

Kwa hiyo Bi Mwatumu alilazimishwa kufyatua kwa kulia. Kila mwaka walinzi hupimwa shabaha: risasi sita, nne ziingie kwenye ubao. Mwaka uliopita alipiga ubao mara moja, na bango la "Karibuni Wageni" mara tano. Wakamwambia ukishindwa tena, vua sare uende. Ile sare ndiyo iliyokuwa ikimlisha mama yake na kumsomesha bintiye bwenini.

"Mimi sitaki vyumba vinane," alisema siku hiyo. "Nataka moja tu katika dunia hii ambayo tumbo lake linafungukia kulia. Basi. Nikiipata hiyo, nitautoboa ule ubao mpaka uombe radhi."

"Waandikie wazungu wa viwandani," Ndomba akamshauri.

"Niliwaandikia. Walinijibu asante kwa kutupenda."

Yote haya yalisikika, kwa sababu kitini alikuwapo Mteja wa Kudumu. Mteja wa Kudumu ni bwana mmoja mpole anayekuja kunyolewa kila Jumamosi, na ana upara unaong'aa kama sahani ya harusi. Ndomba humpaka povu, hulifuta, humwambia amependeza. Sisi wote tulijua anakofanya kazi. Yeye alijua kwamba tunajua. Ustaarabu.

* * *

Kwa kawaida watu wakikutana kuzungumzia bastola, serikali huwapa malazi ya bure. Lakini bahati ilikuwa upande wetu. Wiki hiyohiyo nchi jirani ilikuwa imetangaza kwamba imetengeneza baiskeli yake yenyewe, na Mtukufu Daima, rais wetu, hakulala. Mtukufu Daima anatutawala tangu kabla sijazaliwa, naye ni mnyenyekevu sana. Kila muhula huomba aruhusiwe kupumzika, na kila muhula hujikatalia.

Akasema: "Wao wana baiskeli. Sisi tutakuwa na Rivolva ya Taifa, itokanayo na matamanio ya wananchi wenyewe."

Kiwanda kilikuwapo tayari. Kiwanda cha Taifa cha Silaha kilijengwa zamani, ila mashine zilipofika zikaonekana zinatengeneza sufuria, wakasema basi tuanze na sufuria kwa muda. Muda ule haujaisha. Sufuria zenyewe ni imara sana.

Likaitishwa Kongamano la Matamanio, na sisi wanachama tukaalikwa kama wadau. Tulipewa soda na kofia. Ndomba alitakiwa aje na kiti chake, kwa sababu Injinia Kahabuka, mkuu wa kiwanda, alikosa kifaa cha kuonyeshea jinsi tumbo linavyozunguka.

Wakaanza waheshimiwa, maana nao ni wananchi. Waziri wa Fedha alitamani rivolva ambayo risasi ikishatoka inarudi, ili itumike mwaka wa fedha unaofuata. Jaji Mkuu alitamani yenye vifyatulio viwili, ili isifyatuke mpaka wasaini watu wawili. Waziri wa Adabu alitamani ipige hodi kwanza.

"Na aliye mbele asipojibu hodi?" akauliza Injinia.

"Inapiga tena. Mara tatu. Asipojibu, mwenye bastola anarudi kwake. Ndivyo tulivyolelewa."

Makofi.

Akasimama Bi Mwatumu. Sare aliipiga pasi mpaka mstari wa suruali ungeweza kukata mkate. "Waheshimiwa, mimi ni mlinzi. Naomba tumbo lifungukie kulia. Sina jingine."

Waheshimiwa wakanong'onezana kama kulia ni kwa serikali au kwa upinzani, na kama upinzani upo. Waziri wa Zana, aliyekuwa mwenyekiti wa kongamano, akaona aokoe jahazi: "Injinia, tueleze kwanza hilo tumbo linafanyaje kazi, tusije tukafungua tusichokijua."

Injinia Kahabuka, mtu msomi asiye na hila, ndiyo maana hapandi cheo, akaweka maandazi sita kuzunguka ukingo wa kiti cha Ndomba. Akakisukuma taratibu.

"Waheshimiwa, tazameni. Andazi hili ni chumba cha kwanza. Lipo mbele, ndilo lenye mamlaka ya kufyatua. Limefyatua, limemaliza kazi. Linaondoka, linampisha mwenzake."

"Linaondoka?" akauliza Waziri wa Zana.

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Nani kalifukuza?"

"Hakuna aliyelifukuza. Zamu yake imekwisha."

Nilisikia soda ikichemka ndani ya chupa yangu.

"Na hili la pili," Waziri wa Fedha akasema polepole, "limepigiwa kura na nani?"

"Halipigiwi kura, mheshimiwa. Linafuata tu. Kila moja lina haki sawa ya kufika mbele."

"Haya, na lile la kwanza, baada ya kupisha, linakwenda wapi?"

"Linazunguka nyuma na wenzake. Mwisho yote yanatolewa nje, yanaingia mapya."

"YANATOLEWA?"

Mheshimiwa mmoja akaanguka. Waziri wa Zana akafunga kikao kwa sababu za kiusalama, na maandazi yakakamatwa.

* * *

Rivolva ya Taifa ilitengenezwa kimyakimya. Ilipokamilika, Waziri wa Zana alituita wadau kutusomea taarifa. Kwa kuzingatia amani na utulivu, tumbo limechomelewa. Haliendi kushoto wala kulia. Chumba cha kwanza kitakaa mbele ya mtutu daima, kwa kuwa kina uzoefu. Vyumba vitano vilivyobaki vimewekwa risasi za mti na kupewa jina la vyumba washauri. Silaha itaitwa Bastola Tulivu.

"Na mlinzi wetu tumemsikiliza," akamgeukia Bi Mwatumu kwa tabasamu. "Ulilalamika kwamba tumbo linafungukia kushoto. Halifungukii kushoto tena."

"Linafungukia wapi, mheshimiwa?"

"Halifunguki."

"Sasa risasi nitajaza vipi?"

"Imejazwa kiwandani. Moja. Ya maisha."

Kiti cha Ndomba nacho kilirudishwa kimechomelewa, kwa tahadhari. Tangu siku ile mteja anakaa akitazama ukutani, na Ndomba ndiye anayemzunguka na wembe kama kuku anayetafuta pa kutagia.

Halafu likaja la mwisho, waziri alilolitaja kama zawadi. Kwa vile tamanio lililotimizwa ni la Bi Mwatumu, yeye ndiye atakayeifyatua Bastola Tulivu siku ya uzinduzi, mbele ya Mtukufu Daima na taifa zima, na ili kubana matumizi, huo ndio utakuwa mtihani wake wa shabaha wa mwaka. Risasi sita, nne kwenye ubao, kama sheria inavyosema.

Tulirudi kibandani.

"Ndomba," Bi Mwatumu akasema, "nitapigaje nne kwa risasi moja?"

Ndomba akafikiri sana. "Labda uipige kwa nguvu."

"Nimekuuliza kama mtu mzima."

"Na mimi nimekujibu kama mwananchi."

* * *

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali, na walioketi juani tulikuwa sisi. Waheshimiwa walikuwa chini ya turubai. Itifaki ilizingatiwa kwa muda mrefu sana.

Nchini kwetu hakuna kitu kinachotumika kabla mgeni rasmi hajakata utepe. Hata choo cha soko kilikaa miaka watu wanakipita wamejibana, mpaka mgeni rasmi alipopata nafasi. Sasa Idara ya Itifaki iliifunga Bastola Tulivu utepe mwekundu, ikailaza juu ya mto wa mahameli, mtutu ukitazama juu. Lakini utepe ufungwe wapi? Ilikuwa laini, kila pahali unateleza. Wakaona kuna kijidude kimejikunja kama ndoano, kimekaa vizuri, kama kimeumbwa kwa ajili ya utepe. Wakaufunga hapo. Kwenye kifyatulio.

Mtukufu Daima akahutubia. Alisema baiskeli ni chombo kinachoanguka kikisimama, ndiyo maana jirani zetu hawatulii. "Sisi tumewaonyesha! Silaha isiyozunguka haina kizunguzungu!" Tukashangilia mpaka kofia zikaanguka.

Kisha akapewa mkasi. Mkasi butu, bila shaka, maana karibu na Mtukufu hakiruhusiwi kitu chenye makali. Akakata, haukukatika. Akakata tena. Akaona wananchi wanamtazama, akaukamata utepe kwa mkono akauvuta.

PAA!

Risasi ikatoboa turubai, na mwale wa jua ukashuka moja kwa moja juu ya kichwa cha Waziri wa Zana, akang'aa kama mtakatifu. Waheshimiwa walikuwa wamelala chini wote, na hata waliolala vibaya walihesabiwa kuwa wameinama kwa heshima.

"Wananchi!" mshereheshaji akapaza sauti kwenye spika. "Mtukufu Daima amekata utepe kwa kishindo!"

Vigelegele. Ngoma. Mimi nilikuwa karibu na jukwaa, nikamwona Bi Mwatumu akimsogelea Injinia.

"Injinia, ilikuwa na risasi ngapi?"

"Moja, mama."

"Na hiyo iliyolia?"

"Ndiyo hiyohiyo."

"Sasa mimi nafyatua nini?"

"Wewe lenga tu. Mimi nina watoto."

"Na mimi nimezaa mbuzi?"

Lakini ameshaitwa. Akapanda, akaichukua Bastola Tulivu kutoka kwenye mto. Ubao wa shabaha ulikuwa mweupe pee, na pembeni yake amesimama Inspekta Masumbuko, mpimaji, chaki mkononi. Bi Mwatumu akaipima ile bastola kwa mkono wa kulia. Kisha, nadhani alijiambia kwamba kama ni kufukuzwa, afukuzwe akiwa yeye. Akaihamishia kushoto.

Waziri wa Adabu akanyanyuka kitini.

Kli, ikasema Bastola Tulivu.

Inspekta Masumbuko akautazama ubao. Akamtazama Mtukufu Daima. Mtukufu Daima alikuwa anapiga makofi, kwa sababu alikuwa ameambiwa apige makofi mlinzi akinyanyua mkono. Waziri wa Adabu akakaa, akapiga makofi pia.

"Ya kwanza," Inspekta akatangaza, "katikati!"

Uwanja ukalipuka.

Kli.

"Ya pili! Imepita kwenye tundu la ya kwanza!"

Kli. Kli. Kli. Kli. Zote sita, tundu moja. Nchi yetu ilikuwa haijapata kuona shabaha ya namna ile. Mwandishi wa gazeti la jirani, mtu asiye na malezi, akauliza hilo tundu lenyewe liko wapi, mbona ubao mzima.

"Risasi ya Taifa," Inspekta akamjibu, jasho likimtiririka, "haiharibu mali ya umma."

* * *

Bi Mwatumu akabaki na sare yake, na nishani juu. Siku ya tatu ikatoka Sheria ya Heshima ya Bastola: atakayesema Bastola Tulivu haikulia, au ililia lakini haikupiga, au ilipiga lakini haikuua, huyo ni adui wa taifa. Rivolva kuukuu za walinzi wote zikakusanywa, zikayeyushwa, zikawa sufuria. Kila mlinzi akapewa Bastola Tulivu, nazo zilikuwa zimeshazinduliwa moja moja na wakuu wa wilaya, unaelewa maana yake.

Tulimwona Bi Mwatumu amekaa mlangoni mwa benki, chuma kile kiunoni, uso umemsinyaa.

"Hongera kwa kazi, dada," nikamwambia.

"Kazi ninayo," akasema. "Siku mwizi akija nitamfanya nini? Nimpe nishani?"

Mwizi akaja. Mchana kweupe, siku ya mishahara, foleni imefika nje, na mimi nimo. Kijana mrefu, amejifunga fulana usoni, ana panga lililonolewa upya.

"Wote chini!"

Tukalala. Aliyebaki wima ni Bi Mwatumu. Hakukimbia. Akachomoa Bastola Tulivu kwa mkono wa kushoto, akamlenga kifuani.

"Samahani kwa mkono huu," akamwambia, akafyatua.

Kli.

Kijana akasita, panga hewani. "Mama, hiyo haijalia."

Nakwambia hata feni ilisimama. Bi Mwatumu akavuta pumzi. Nikaona uso wake unabadilika taratibu, kama mtu aliyekumbuka alikoweka ufunguo.

"Umesemaje?" akauliza kwa sauti ya kusikika nje. "Umesema Bastola Tulivu haijalia?"

Vichwa vyote vikanyanyuka kutoka sakafuni. Kimojawapo kilikuwa kinang'aa. Mteja wa Kudumu, ambaye hata benki alikuwa anakuja kila siku bila akaunti, alikuwa amelala kwa tumbo na penseli tayari mkononi.

Kijana akaiona ile penseli. "Sijasema haijalia! Nimesema... sijaisikia vizuri. Mimi masikio yangu tangu utotoni."

"Kwa hiyo imelia?"

"Imelia."

"Imekupiga au imekukosa?"

Akamtazama Mteja wa Kudumu. Akatazama mlango. "Imenipiga," akasema kwa huzuni. "Wapi kwanza?"

"Kifuani."

"Haya."

Akaliweka panga chini polepole, lisije likamkata mtu. Akajilaza.

"Ndugu, sogea kidogo," mama mmoja akamwomba kutoka foleni. "Umeziba dirisha la kuwekea."

Akasogea.

Polisi walipofika walimkuta marehemu anapepewa kwa fulana yake mwenyewe. Daktari wa wilaya, mtu mwenye familia, akathibitisha kifo. Gari la hospitali halikuwa na mafuta, kwa hiyo marehemu akaenda mochwari kwa miguu, akasaini, akarudi zake nyumbani. Kesi ikafutwa, maana maiti hashtakiwi. Uchaguzi ulipofika alipiga kura asubuhi na mapema, pamoja na marehemu wengine.

* * *

Siku hizi marehemu ni mwanachama wetu. Jina lake ni Kisinza, na kumbe alikuwa fundi wa kuchomelea kiwandani. Yeye ndiye aliyeyachomelea matumbo yote, na yalipokwisha wakamwambia kazi imekwisha. Si kijana mbaya. Ana adabu za mtu aliyewahi kufa.

Kila Jumamosi huja na tupa na msumeno mdogo, huchuchumaa chini ya kiti cha Ndomba, huanza kukereza pale palipochomelewa. Kwiii, kwiii. Mteja wa Kudumu amekaa juu yake, povu kichwani, anasikia kila kitu. Penseli anayo. Lakini aandike nini? Aandike kwamba maiti ya Bastola Tulivu inakereza chuma? Hiyo si ndiyo kusema haikuua? Basi anafumba macho, anasema nyoa vizuri hapo nyuma.

Kiti hicho siku hizi kinacheza kidogo. Sijasema kinazunguka. Nimesema kinacheza.

Jumamosi iliyopita Bi Mwatumu aliingia akitoka zamu. Akaitoa Bastola Tulivu kiunoni, akaiweka sakafuni karibu na magoti ya Kisinza, kwa mkono wa kushoto, bila kuomba radhi.

"Marehemu," akamwambia, "ukimaliza kiti, nitazamie na hii."

Kisinza akaigeuza, akapuliza vumbi la chuma. "Unataka nikufanyieje, mama?"

"Tumbo lake, baba. Lifungukie kulia."